Kwema Huko, Bi Mwanamwema?

Wajukuu zangu wana televisheni pana kama jamvi na stesheni zisizohesabika, na bado utawasikia: "Bibi, hakuna kitu cha kuangalia." Mimi hunyamaza. Nikisema kwamba sisi tulikuwa na televisheni moja mtaa mzima, ikifungwa kwa kufuli, na kwamba sijapata kuona kitu kizuri kama kile mpaka leo, watanicheka. Na watakuwa na haki, kwa sababu kitu kizuri chenyewe kilikuwa mwanamke amekaa juu ya mkeka anatoa hadithi ya kuku.

Lakini ilikuwa ya rangi! Mwaka sabini na tatu televisheni ilipoingia Unguja, Bara nzima hawakuwa nayo hata ya rangi moja, na sisi watu wa Ng'ambo, mitaa ya wanyonge ya mji, ambao wengine maji tulichota bomba la mtaani, tuliona kanga ya njano ikawa ya njano. Basi tulivimba vichwa! Akija mgeni kutoka Dar es Salaam tulimpeleka kuiona kabla hajaoga.

Yetu iliwekwa kwenye banda lililo wazi upande mmoja, ndani ya kabati la mbao lenye milango miwili. Ufunguo alikuwa nao Mzee Usi Borafya, mjane aliyepita makamo, aliyekuwa mpiga kengele wa skuli mpaka alipostaafu. Skuli ilimwacha, kengele haikumwacha. Alikuja kwa saa yake ya mkononi, akasimama mbele ya kabati, akatutazama miguu. Mwenye vumbi alirudishwa bombani. Watoto mbele, chini. Wanaume kwenye mabenchi. Wanawake nyuma, kwenye mikeka waliyokuja nayo. Tukipiga kelele aliinua kidole kimoja tu, akafunga mlango mmoja wa kabati. Nusu ya picha inatosha kumtia adabu mtoto yeyote.

Nyuma kule, karibu na nguzo, palikuwa mahali pa Bi Mwanamwema. Hapakuandikwa jina, lakini nani angethubutu kukaa pale? Bi Mwanamwema alikuwa mtu wa Makunduchi, aliyeletwa mjini na mumewe zamani sana, kisha mume akafa, na mwanawe wa pekee, Muhiddin, akatokomea Arabuni baada ya Mapinduzi. Akabaki yeye, nyumba ya vyumba viwili, mbuzi mmoja mwenye kiburi, na kazi yake ya kusuka ukili, zile kanda za ukindu zinazoshonwa mikeka. Alisuka mikeka na misala mingi kuliko mwanamke yeyote mtaani, na hata mbele ya televisheni vidole havikusimama. Habari zikisomwa, ukili ulitoka mrefu, maana hakuzisikiliza. Zaidi ya hayo, msomaji habari alikuwa mwanamume, na Bi Mwanamwema alijitanda kanga mpaka machoni.

"Ananitazama mie moja kwa moja," alisema. "Na mkewe yuko nyumbani kwao!"

Tulijaribu kumweleza kuwa haonekani. Alituuliza kama sisi tunamwona yule bwana. Tukasema naam, tunamwona. "Basi," akasema, na mjadala ukaishia hapo.

Aliyempenda ni Tabia, yule mtoa hadithi. Sote tulimpenda Tabia. Kila Alhamisi, siku ambayo hatuendi chuoni kusoma Kurani, baada ya sala ya Magharibi, alitokea akiwa na kanga zake mpya, amekunja miguu upande, na uso wake umejaa kioo kizima. Kwenye kipindi chake hakuna aliyepigwa risasi wala aliyekumbatiwa. Kosa kubwa kupita yote nililoliona mle ni kuku kudonoa mchele wa watu. Na tulikuwa tukihema!

Alianza namna hii, kila wiki. Alisema: "Shikamooni, wazee wangu." Alinyamaza kidogo. Banda zima la wazee likaitika: "Marahabaa." Halafu: "Watoto, hamjambo?" Nasi tukapasua: "Hatujambo!" Kisha aliinamisha kichwa, akasema kwa upole, "Kwema huko?" Akanyamaza tena kidogo. Baadaye aliita paukwa, tukamjibu pakawa, na hadithi ikaanza.

Sasa hapo kwenye "kwema huko" ndipo Bi Mwanamwema alipoitoa Makunduchi yake yote. Sisi tulijibu "kwema" basi. Yeye alilelewa kuwa mtu akikuuliza hali, unampa hali. Kwa hiyo alianza: kwema mwanangu, ila hili goti, na mbuzi leo kala kamba, na paa linavuja upande wa kibla. Kabla paa halijakauka, Tabia alishaingia hadithini. Bi Mwanamwema alikata maneno, akamsamehe, akamwahidi kummalizia Alhamisi ijayo. Na Alhamisi ijayo alianzia kwenye paa. Tulikuwa tukichekea viganjani, na mama yangu akitufinya, na yeye mwenyewe akicheka.

Mwezi ule Tabia alikuwa na hadithi ndefu, ya kila wiki kipande, ya mtoto maskini aliyemfundisha kuku wake kupiga hodi. Kuku alipiga hodi kwa mdomo, nyumba hata nyumba, wenyewe wakidhani ni mgeni, wakafungua, wakapata aibu, wakampa chochote. Ilikuwa hadithi ya adabu na uongo kwa pamoja, na kwa mtoto hakuna kinachozidi hapo.

Alhamisi moja Bi Mwanamwema alikuja mapema, kajifukiza udi, kavaa kanga ambayo hatukuijua. Kumbe alikuwa na habari. Mtu aliyetoka Arabuni alimpitia mchana akamwambia Muhiddin amepata mtoto. Mama yangu ndiye aliyekuja kunieleza haya nilipokuwa mkubwa, na alinieleza pia kwa nini hakumwambia mtu. Kwetu mtu hapiti mlango kwa mlango na furaha yake, watu wakasema anaringa, au jicho likamwingia mtoto. Anangoja aulizwe. Akiulizwa, ndipo anaposema. Na ukimtazama Bi Mwanamwema, ni nani aliyekuwa akimuuliza? Sisi tulimpita barazani mbio, "Shikamoo Bi Mwanamwema kwema?" yote kwa pumzi moja, na jibu lilitukuta kwenye kona. Aliyemuuliza akimtazama usoni, duniani, alikuwa Tabia.

"Kwema huko?" akauliza Tabia.

Bi Mwanamwema aliweka ukili chini. Sikuwa nimepata kumwona kauweka chini. "Kwema, mwanangu," akasema, "kwema sana leo. Goti si neno. Leo kaja mtu kwangu, kanambia Muhid—"

"Alhamdulillahi," akasema Tabia. "Paukwa!"

"Pakawa!" Tuliitika banda zima, watoto, wazee na mabenchi, maana wiki iliyopita kuku tulimwacha akielekea kwa sultani na tulikuwa hatujiwezi. Sauti ya bibi wa watu ilizama humo.

Bi Mwanamwema alisimama. Akakunja mkeka wake taratibu, akautia kwapani. "Mtoto gani huyu," akasema, na sasa sote tulimsikia, "anauliza watu hali zao kisha hangoji! Sikanyagi tena hapa mpaka aniombe radhi." Akaondoka. Sisi tulicheka. Mzee Usi hakucheka. Aliinua kidole, akafunga mlango mmoja wa kabati, na kuku tukamwona mkia tu.

Alhamisi iliyofuata nguzo ilikuwa peke yake. Hakuna aliyekaa pale. Tabia aliuliza kwema huko, tukajibu kwema, na baada ya hapo pakawa na kimya kirefu kuliko tulivyozoea, maana ule muda kumbe siku zote tulimwachia yeye. Hata kucheka hatukuwa na wa kumcheka. Nilimkosa, nasema kweli, na sikutarajia.

Mzee Usi alikwenda kumbembeleza. Tulimfuata kwa mbali, tukajibanza ukutani tusikie.

"Bi Mwanamwema, lile ni sanduku. Halisikii."

"Halisikii, na linasema?"

"Linasema, lakini halisikii."

"Bubu ndo hasikii, Bwana Usi. Anayesema anasikia. Huyu anasikia, hana adabu tu. Mbona mkimwitikia pakawa anaendelea?"

Sisi wenyewe, pale ukutani, tulitazamana, kwa sababu hoja ilikuwa na nguvu. Mzee Usi akaaga akarudi zake, huku akijisemea.

Basi ikafika Alhamisi ya mwisho wa hadithi. Tabia alishatuambia: leo tutajua kama sultani atamfungulia kuku mlango. Tulikosha miguu bila kuambiwa. Magharibi haijatoka vizuri tumeshajaa, wanawake wamekaa, benchi limejaa mpaka la mwisho. Kabati limefungwa. Mzee Usi hayupo.

Hilo halikuwahi kutokea. Mzee Usi hakuchelewa kwa mvua, hakuchelewa kwa homa. Watu wakaanza kusema labda kaanguka. Halafu tukasikia, kutoka banda la mtaa wa pili, watoto wa watu wanapasua koo: "Hatujambo!" Mungu wangu! Kipindi kimeanza, na sisi tunatazama mbao. Tukatoka mbio watoto wote kumtafuta, na mtaa wa pili wakaitika "Pakawa!" migongoni mwetu.

Hatukwenda mbali. Alikuwa amekaa kwenye baraza ya Bi Mwanamwema, kofia mapajani, ufunguo unaning'inia kidoleni. Inaonyesha alipita kama anavyopita siku zote, akauliza kwema kama anavyouliza siku zote, ila safari hii alisimama. Aliposimama akapewa jibu, na jibu lilikuwa refu, ndipo akakaa.

"Mzee Usi, kimeanza!" tulipiga kelele. "Ufunguo! Kuku!"

Aliinua kidole kimoja. Kile kile. "Bi Mwanamwema anazungumza," akasema.

Bi Mwanamwema wala hakututazama. Alishapita goti, alishapita mbuzi, paa alilimaliza na kulikausha. "Basi ndo akaja mtu huyo," akasema, "kanambia Muhiddin kapata mtoto. Mtoto wa kike."

"Mashaallah! Mungu amkuze. Wamemwita nani?"

Bi Mwanamwema alijivutia kanga mdomoni, yeye ambaye kanga alijitanda kwa msomaji habari tu. "Wamemwita jina langu."

Mzee Usi alisema mashaallah tena, taratibu, kisha tena. Sisi tulisimama pale tukiwa na miguu safi. Nilimkumbuka vile alivyoweka ukili chini, na vile tulivyoitika.

"Ndo hivo," akasema Bi Mwanamwema, akipangusa macho kwa ncha ya kanga. "Kwetu kwema. Na kwako wewe, Bwana Usi, kwema?"

"Kwema," akajibu Mzee Usi, upesi, kama anavyojibu kila mtu.

Bi Mwanamwema aliuweka ukili pembeni, akamtazama, akangoja. Alingoja kama alivyotaka angojewe yeye. Mzee Usi aliutazama ule ufunguo, akaugeuza, akageuza tena.

"Kusema kweli, Bi Mwanamwema," akaanza, "tangu alipokufa mama watoto..."

Bi Mwanamwema alitugeukia sasa. "Nyie kaeni," akasema. "Au mna haraka?"

Tukakaa barazani na chini, tulivyoenea. Mtaa wa pili walikuwa wakicheka, halafu wakapiga makofi. Na mpaka leo sijui kama yule kuku alifunguliwa mlango.