Mama Sauti na Kikosi cha Kapteni

Kwa miaka kumi na saba, hakuna basi lililotoka katika stendi kuu bila ruhusa ya koo la mwanamke mmoja. Alikaa kwenye kibanda cha vioo juu ya chumba cha tiketi, feni ikimpuliza shingoni, maikrofoni mbele yake imevalishwa sponji iliyokatwa kwenye godoro kuukuu. Macho yake yalifagia uwanja mzima: mabasi ishirini na mawili, wachukuzi, watoto waliopotea, wasafiri waliosahau mabegi. Watu walimwita Mama Sauti. Mkuu wa stendi mwenyewe alipotaka kumwandikia barua alilazimika kwanza kuuliza jina lake.

Mdomo wake haukuwa na breki. "Bwana mwenye kofia ya kijani," angetangaza, "basi lako linaondoka. Hiyo miwani unayojaribu itakusaidia kuliona likiishia!" Uwanja ungeangua kicheko, na bwana yule ungemwona akitimua mbio, kofia mkononi.

Nyumbani aliishi na binti yake wa pekee, wa miaka kumi na mitano. Huyo alikuwa mpole kupita kiasi. Ukimsalimia, anajibu huku akitazama viatu vyako. Mama Sauti alipenda kusema kwamba yeye alikuwa ameyamaliza maneno yote ya ukoo, mtoto akakuta ghala tupu.

Basi Ijumaa moja mwalimu wa darasa akampigia simu. Binti analala darasani. Hesabu, aliyokuwa akipata sabini na kitu, sasa kapata ishirini na nane. Mama Sauti aliporudi nyumbani alikuta bafu limefungwa na bomba linamwaga maji. Akasikiliza. Nyuma ya maji kulikuwa na milio ya bunduki, na sauti ya binti yake ikifoka: "Rudi nyuma! Nimesema rudi! Wewe funika kushoto!"

Mama akashika kichwa. Ina maana yule bubu wa nyumbani anafoka?

Alimnyang'anya simu palepale. Binti, ambaye hakuwahi kumwinulia mama yake sauti, akalia kwa uchungu: "Mama, kesho saa saba tuna mechi! Wenzangu wataangushwa kwa ajili yangu!" Usiku huo hakula. Asubuhi mikono yake ilitetemeka alipokuwa akikunja shuka, na kila dakika macho yalikimbilia pale mezani simu ilipozoea kukaa. Mama Sauti aliiona mikono ile na moyo ukampasuka. Alitia simu kwenye mkoba, akaenda kazini.

Jumamosi saa saba kasoro, mabasi ya mchana yalikuwa yameshaondoka na uwanja umetulia. Simu ikaanza kutetemeka mkobani. *Kapteni uko wapi? Kapteni, dakika tano! Kapteni tafadhali!* Alitaka kuizima. Lakini udadisi ni kuwashwa mgongoni, hautulii hadi ujikune. Namba ya siri ilikuwa tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, na tarehe hiyo nani angeijua kuliko yeye? Akabonyeza palipoandikwa ingia.

"Kapteni!" zikalipuka sauti tatu kwa pamoja.

"Kapteni hayupo," akasema. "Mimi ni mama yake."

Kisha, moja baada ya nyingine, kwa adabu kama wamesimama mbele ya mwalimu mkuu: "Shikamoo mama." "Shikamoo." "Shikamoo mama."

"Marahaba. Nyie ni akina nani?"

Wakajitaja kwa majina yao ya vitani: Chuma, Mbavu na Kitunguu. Kila mmoja yuko mji wake, hawajawahi kuonana uso kwa uso. Kitunguu, ambaye alikuwa msichana, ndiye aliyethubutu. "Mama, tumefika robo fainali. Tukiwa watatu tunatolewa. Tunaomba ukae tu kwenye nafasi yake, hata usipofanya chochote."

Mechi ikaanza. Nusu dakika haikwisha, Mama Sauti akawa amekufa. Alikuwa akitafuta pa kubonyeza ili atembee, akabonyeza bomu, likamlipukia mwenyewe. Mbavu alicheka hadi akapaliwa.

Sasa basi, aliyekufa katika mchezo ule huendelea kutazama, na kwenye pembe ya kioo kuna ramani ndogo yenye vidoa: vya bluu ni wenzako, vyekundu ni maadui walioonekana. Mama Sauti aliitazama ramani ile, na kitu kikafunguka kichwani mwake. Vidoa vinavyoingia, vinavyotoka, vinavyosubiriana kwenye kona! Alikuwa ameifanya kazi hii miaka kumi na saba.

"Chuma, usitoke hapo, wawili wanakujia nyuma ya ghala! Mbavu, mlango wa kaskazini uko wazi, ingia sasa, sasa hivi, unangoja ukatiwe tiketi? Kitunguu mwanangu, huyo mmoja amejificha kwenye pipa, mwache ajichoshe. Subiri. Subiri... Piga!"

Alikuwa amesimama. Jasho linamtoka, viatu amevivua, ngumi inapiga meza. Chini uwanjani wachukuzi waliinua vichwa kutazama kibanda. Kidoa chekundu cha mwisho kilipozimika, vijana watatu katika miji mitatu walipiga kelele kama waliofunguliwa zizini, na Mama Sauti akapiga nao. "Mama ni moto!" Chuma alipaza sauti. "Mama, usituache!"

Hakuna aliyewahi kumwambia vile. Watu husikia jina la basi lao, wakapanda, wakaenda zao.

Jioni hakumwambia binti. Kesho yake aliingia mchezoni "kuangalia tu". Jumatatu aliingia wakati wa chakula cha mchana, akacheza na watu asiowajua, akashinda mara mbili. Mchezo ulimpa nyota, ukamwambia arudi kesho apewe sanduku. Kesho akarudi kufungua sanduku. Ndani mlikuwa na koti la rangi ya dhahabu ambalo huwezi hata kulianika kambani, lakini alifurahi kama kapewa kiwanja. Kufikia Alhamisi alikuwa akicheza kati ya tangazo na tangazo. Akishindwa, anasema moja tu nikomboe. Akishinda, anasema moja tu, leo mkono umekubali.

Alhamisi hiyo, saa nne na robo, alikuwa akizingirwa na maadui wawili. Alipoinua kichwa saa ilisema nne na nusu na dakika tano, na ngazi za kibanda zilikuwa zikigongwa na fimbo, polepole.

Alikuwa mzee mmoja, miwani minene, bahasha ya hospitali kwapani. "Mwanangu," alisema, "wewe ndiye sauti? Niliambiwa nikae kwenye benchi, basi la saa nne na nusu utaliita. Macho haya hayasomi maandishi ya mabasi. Leo mchana ndipo wanayapasua. Nimengoja sauti yako."

Mama Sauti alitazama uwanjani. Nafasi ya basi lile ilikuwa tupu; kwa mara ya kwanza basi lilikuwa limeondoka bila sauti yake.

Damu ilimpanda hadi masikioni. Hakupoteza muda wa kuomba radhi. Alimpigia kondakta. "Mko wapi? Kituo cha mafuta? Usiondoke! Nakwambia hata dereva akivuta gia, kaa mbele ya matairi!" Kisha akashika maikrofoni, na sauti yake ikaupasua uwanja: "Mwenye pikipiki nzima, yenye breki, kibandani kwangu, mbio!" Wakaja wanne. Akamchagua mwenye kofia ngumu mbili, akamshusha mzee kwa mikono yake, akamkalisha kiti cha nyuma. "Shikilia, baba!" Pikipiki iliondoka ikipinda kati ya mikokoteni, na yeye, amesharudi kule juu, akiwafungulia njia: "Toa mkokoteni! Mama mwenye begi la bluu, kando! Geti, fungua!"

Dakika nane baadaye kondakta akapiga simu. Mzee yuko kwenye kiti, anacheka, anasema hajapanda pikipiki tangu ujanani.

Mama Sauti alikaa sakafuni. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, na aliitambua mitetemo ile.

Jioni alimsimulia binti kila kitu, bila kujipaka mafuta. Binti, akiikagua simu aliyorudishiwa, kwanza alipiga yowe: "Mama! Kumbe ni wewe uliyeniharibia rekodi? Umeshindwa mara kumi na tisa!" Kisha aliposikia habari ya mzee, akaiweka simu mezani.

"Mimi ni mtu mzima na siku tano tu zimenibeba," mama akasema. "Hebu niambie wewe, kule unafuata nini?"

Binti akatazama viatu, kisha akainua uso. "Darasani nikijibu wananicheka sauti. Kule nikisema kushoto, watu wanakwenda kushoto. Kitunguu ndiye rafiki yangu, mama, wa kweli." "Lakini siku hizi hata nisipofurahi nacheza. Nikiacha nasikia kama nimesahau jiko linawaka."

Waliandika masharti wakiwa wawili, kwenye karatasi moja. Saa moja kwa siku, baada ya kazi za shule, sebuleni, mlango wazi. Vikumbusho vyote vya masanduku vizimwe. Simu ya binti ilale kabatini mwa mama, na ya mama ilale kabatini mwa binti. Kikosi kiliarifiwa, Chuma alinuna, Kitunguu akasema afadhali, kwao nako kumechafuka kwa ajili ya mchezo huohuo.

Haikuwa lelemama. Wiki ya kwanza binti alikasirikia hata mlango. Wiki ya pili alikutwa tena bafuni, bomba likimwaga, na masharti yakaanza upya. Hesabu zilipanda hadi hamsini na tatu, zikakaa hapo kwanza.

Lakini ungewaona wale wawili siku ya nusu fainali! Binti amekaa ukingoni mwa kochi, vidole vinakimbia, anaamuru kwa sauti kavu ya jemadari. Mama nyuma yake anatangaza mechi nzima kwa majirani wasioiomba. Walishinda zikiwa zimebaki sekunde tatu. Wakakumbatiana, meza ndogo ikapinduka.

"Moja tu nyingine," Mama Sauti alisema, akihema. "Ya kujipongeza."

Binti alitazama saa ya ukutani. Aliwaaga wenzake, akazima simu, akaichukua na ya mama yake mkononi, akaelekea kabatini.

"Muda umekwisha, mama," alisema. "Na usinifuate."