Nyumba ya Bibi wa Bluzi

Jumamosi iliyopita nilirudi Mount Dennis, mtaa wetu wa zamani huku ughaibuni, na mama. Nyumba ya jirani yetu wa zamani ilikuwa inabandikwa kibao, kwamba hapo aliishi mmoja wa wanawake wa kwanza kuimba bluzi, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani Weusi, katika kumbi za jiji hili. Ile yetu ya kupanga imebomolewa. Ua nao haupo.

Ningekuonyesha ule ua, rafiki yangu. Kiangazi ulinukia sabuni na vitunguu vya pilau, na mama, ambaye Kiingereza chake kilikuwa salamu tu, alianika nguo akiimba nyimbo za harusi za kwao Morogoro, vigelegele juu. Watoto wa shuleni kwetu walipita wakicheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Siku moja bibi jirani akaniita kwenye uzio. Akasema nimwambie mama aje na kiti, waimbe wote wawili kibarazani. Sauti kama ile hakuwa ameisikia tangu aache jukwaa. Mama alisimama na shati bichi mkononi, anatabasamu.

"Anasemaje?"

"Anasema unampigia kelele."

Nilikuwa na miaka kumi, na akili zangu timamu. Mama akainamisha kichwa, akaweka mkono kifuani kuomba radhi. Kuanzia hapo alianika nguo kimya. Wiki iliyofuata alipakua pilau kwenye sahani yake ya wageni, iwe ya kuomba msamaha, na mimi ndiye niliyeipeleka. Bibi aliuliza mbona mama yako haimbi siku hizi. Nikamjibu ana kazi nyingi. Naona aibu hata kuandika.

Sasa kwenye sherehe ya kibao, mpwa wa marehemu bibi akasimama kuzungumza. Alisema shangazi yake hakuchoka kumtaja mama mmoja wa Kiafrika, jirani, ambaye yeye alimwalika waimbe pamoja, naye hakuja. Nikamwinamia mama, nimnong'oneze uongo mwingine.

"Acha," akasema. "Miaka yote hii natunza wazee wao, you think Kiingereza sielewi?"

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Kwenye basi alikaa dirishani, mkoba magotini, mpaka tulipokaribia kushuka.

"Alitaka tuimbe wimbo gani?"

Sikujua. Sikuwahi kumuuliza.