Mtungi wa Pili wa Koko

Kabla ya masomo ya jioni nilikuwa nimechomelea mageti ya kuzungushia Kitengela nzima, na mengine yakabaki ya kuzuia Nairobi isituingilie. Kwa hivyo mwalimu wetu wa uhandisi alipotukataza kuchora chochote kabla ya kushinda kutwa na mtu mwenye shida, nilidhani ni mzaha.

"Mkirudi mniambie mlihisi nini," akasema.

"Madam, kwani chuma inahisi?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Mradi huo, wa kumtengenezea mtu kama huyo kifaa, ndio ulioshikilia cheti changu, na mwaka uliotangulia nilikuwa nimeanguka.

Jumamosi nikaenda nje kidogo ya Kajiado, kwa nyanya mmoja wa Kimaasai anayebeba maji kwa punda. Mfukoni nilikuwa na mchoro tayari, wa toroli yenye breki. Ilibakia kuikatia leseni tu.

"Takwenya, koko," nikamsalimu kwa Kimaasai mlangoni pa boma, koko yaani nyanya.

"Iko," akaitikia salamu. Akautazama mchoro niliomnyooshea, kisha mlango, ambao niliupita kwa ubavu na bado miiba ikanikwaruza tumbo. "Hii yako itapitia wapi?"

Nikaukunja mchoro. Tukaenda kisimani. Akajaza mitungi miwili, akaufunga mmoja ubavuni mwa punda. Papo hapo matandiko yakateleza upande huo. Akaushusha, akaketi.

"Tunangoja nini, koko?"

"Mtu. Ashikilie huu nikifunga ule."

"Si niko hapa?"

"Kesho utakuwa hapa?" Nikanyoosha mkono, akaupiga kofi. "Ulisema unataka kuona siku yangu. Ona."

Tukangoja mpaka nikahisi ndevu zangu zimeota mvi, ndipo mchungaji mmoja akapita akamsaidia.

Nilirudi Kitengela sielewi kama nina hasira, aibu au njaa. Toroli nikaitupa. Nikatengeneza bomba moja la chuma, chini mguu mpana, juu uma wa kuegemeza mtungi kwa kimo cha punda. Kazi ya kumaliza chai moja.

"Mzee wa mageti ametuletea stendi ya sufuria!" mwenzangu mmoja akapiga kelele darasani.

"Ulihisi nini?" mwalimu akauliza.

"Sijui, madam. Haki ya Mungu sijui. Kule kungoja kulinikaa mgongoni, hakushuki."

Akasema alama atatoa koko.

Jumamosi iliyofuata tukasimama kisimani, mimi na mwalimu, mikono nyuma. Koko akafunga mtungi wa kwanza, akausimamishia uma chini yake. Matandiko hayakuteleza. Akafunga wa pili, akauondoa uma, akamchapa punda, akaenda zake. Asante hakuna, kwaheri hakuna.

"Koko! Na mimi?"

"Kwani nakungoja?" akajibu bila kugeuka.

Mwalimu akacheka mpaka akajishika magoti, halafu akaandika kwamba nimepita. Cheti kiko ukutani karakanani. Wateja wakiuliza nilisomea nini, nawaambia uhandisi, lakini moyoni bado nimechanganyikiwa: niliachwa kisimani kama ndoo iliyotoboka, na sijawahi kufurahi vile.