Mtu wa Ziwa

Katika shamba moja la kahawa upande wa Ruiru, miaka ile ya Hali ya Hatari, palikuwa na bwawa, na ndani ya bwawa, kwa maneno ya Wakamba walioajiriwa pale, palikuwa na mnyama. Ni mrefu kuliko lori, walisema, na ana manyoya shingoni. Munyao, fundi wa pampu, ndiye pekee aliyecheka.

"Mnyama gani huyo wa kula matope na maganda ya kahawa?"

Jeconia, kibarua mwenzao, alitoka magharibi, kwa hiyo wote walimwita mtu wa ziwa. Hakuwakatalia. Ukweli ni kwamba kwao ni milimani, mbali na ziwa, na maji mengi kuliko yote aliyowahi kuingia yalikuwa ya karai. Lakini jina tamu nani alikataa? Hata kanisani, siku waliyosomewa habari za Petro na nyavu zake, watu walimgeukia yeye, naye akaitikia kwa kichwa kana kwamba anamkumbuka Petro.

Msimu wa kuchuma ulipofika, magugu yaliziba mdomo wa bomba bwawani, kahawa ikakosa maji ya kuoshea. Nyapara hakutafuta mwingine.

"Jeconia, hii kazi ni yako. Ingia."

Alivua shati mbele ya watu wote. Maji yalipomfika kifuani, miguu ikakosa chini. Akatapatapa, akajikokota hadi ukingoni akihema. Alipoona macho yote yanamtazama, akasema, "Kuna kitu. Kimenipita mguuni."

Laiti angesema ameteleza! Kuanzia siku hiyo wanawake waliliacha bwawa, wakawa wanateremka hadi mtoni kuteka maji. Apiyo, mkewe, alikuwa mjamzito, naye alijitwika debe pamoja nao. Alijua fika mumewe hajui kuogelea, lakini hakumfichua kwa wenzake. Jeconia aliona haya hata kumtazama wakati wa kula.

Mwishowe Munyao alichoka kungoja maji. "Naingia mwenyewe, mumuone huyo mnyama wenu."

Alizama, akaibuka na fungu la magugu, akazama tena. Mara hii mguu ulinaswa. Kichwa kikawa kinatokeza na kupotea. Ndinda, mke wake, akamshika Jeconia mkono.

"Ndugu, ingia. Wewe ni mtu wa ziwa. Nakuomba."

Jeconia alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Sijui kuogelea," alisema. "Na sikuona kitu siku ile. Leteni kamba."

Kamba ya katani ililetwa, ikatupwa, Munyao akavutwa akitapika maji ya tope. Hakuna aliyemtukana Jeconia, na afadhali wangemtukana. Ndinda aliuachia tu mkono wake, akaenda kumfunika mumewe leso.

Kesho yake wanawake walirudi bwawani na madebe yao, wakicheka. Apiyo alijitwika lake, akalipita bwawa, akashika njia ya mtoni. Jeconia alimkimbilia.

"Apiyo, rudi. Hakuna mnyama, si unajua?"

"Najua," alisema, bila kugeuka. "Lakini pale bwawani wananiuliza bwana yangu ni mtu wa ziwa gani. Huko mtoni hakuna wa kuniuliza."