Viatu Tulivyoviacha Montana

Enzi zetu, sisi watoto wa Kipwani tuliolelewa Champlin, kaskazini kidogo ya Minneapolis, nchi hii ilikuwa kubwa kwa sababu tuliipita kwa macho. Kiangazi kimoja, nilipokuwa darasa la tano na mdogo wangu Salim akiwa la pili, Baba aliazima gari-nyumba kwa jirani mmoja mstaafu wa Anoka: lile gari refu kama basi, lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, ambalo Wamarekani hulitaja kwa herufi mbili tu. Tukasafiri nalo hadi Seattle. Nimekuwa nikiirudia safari hiyo akilini msimu huu wa baridi, tangu jopo la chuo liliponirudishia tasnifu yangu na kuniambia kwamba ninahitimisha mambo ambayo ushahidi wangu hauyabebi. Nimerudi kukaa kwa wazazi, katika chumba changu cha zamani, na swali linalonisumbua zaidi, ajabu, si la tasnifu. Ni la viatu.

Safari yenyewe aliitaka Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Mombasa. Alikuwa na wana wawili Marekani, na wana hao hawakuwa wakisemezana. Kabla sijazaliwa Baba alifanya kazi Seattle katika duka la kaka yake, Ami Nassor. Alipoamua kuondoka na kuja kufungua duka lake la vitambaa Minneapolis, Ami alimwambia mbele ya wateja, "Nenda. Utarudi mlangoni kwangu huna hata kiatu mguuni." Maneno hayo tuliyajua sote nyumbani, hata Salim, ingawa hakuna aliyeyatamka Baba akiwapo. Bibi aliposema kwamba harudi Mombasa bila kuwaona wanawe wamekaa sinia moja, Baba alitoa udhuru wa duka, kisha wa goti la Bibi lisilovumilia viti vya ndege. Bibi akajibu kwamba ameziona nyumba zikipita barabarani na magurudumu yake, basi na twende kwa nyumba. Wiki hiyohiyo Baba alinunua viatu vipya vya ngozi, vyeusi, akavipiga rangi juu ya mng'aro viliotoka nao dukani.

Kwetu sisi, chochote chenye mlango, jiko na mahali pa kuswalia ni nyumba, na nyumbani hapaingiwi na viatu. Kila tulipoegesha kambini, viatu vyetu vilipangwa chini, kando ya ngazi, na Mama aliweka sharti: wa mwisho kuingia avikusanye ndani ya beseni la bluu lililokaa nyuma ya mlango. Wageni wa kambi walipita taratibu wakiitazama ile safu, bila shaka wakijiuliza gari moja limebeba watu wangapi.

Nakumbuka harufu ya mbaazi za nazi zikitokota kwenye jiko lililoinama kila gari lilipoinama, na Mama akiishikilia sufuria kwa kitambaa huku akimwambia Baba aendeshe kama mtu aliyebeba chakula. Nakumbuka mashamba ya alizeti ya Dakota Kaskazini, yote yametugeuzia kisogo. Mimi na Salim tulishindana kuona nambari za magari za majimbo ya mbali, na aliyeiona Alaska angepewa hamri la ziada, hatukuiona, tukaligawana. Bibi alikaa mbele na kuuliza maswali ambayo mpaka leo sijayapatia majibu. Mbona shamba ni kubwa hivi na sioni mtu? Wanazikana wapi hawa? Ng'ombe hawa wakiumwa, humwita nani? Vijana wa leo wakipanda gari huuliza jambo moja tu, pa kuchomeka chaja, na wakishalijua hilo, Montana yote hupita bila wao.

Asubuhi moja, baada ya kulala kambini mashariki ya Montana, Baba alichomoa waya wa umeme na mpira wa maji, akaingia. Mama alikuwa ndani tayari, akitufungia mikanda. Wa mwisho alikuwa Bibi, aliyetoka kuukung'uta mkeka wake wa kuswalia. Akapanda ngazi polepole, akafunga mlango, akasema bismillahi, tukaondoka.

Adhuhuri Baba alisimama kutia mafuta. Aliinama nyuma ya mlango kuchukua viatu vyake vipya, na beseni lilikuwa na soksi moja ya Salim, basi. Viatu vya familia nzima vilikuwa vimebaki kambini, vimepangwa vizuri juu ya changarawe, vikitungoja tutoke. Baba alitia mafuta akiwa amesimama juu ya kizulia cha gari, maana lami ilikuwa ya moto. Kwenye mlango wa duka la kituo palibandikwa tangazo kwamba asiye na viatu haingii. Salim aliuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, sasa asiye na viatu atanunua vipi viatu.

Baba alikaa kwenye usukani bila kuwasha gari. Alisema labda ni ishara, turudi tukavichukue. Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa kwamba gari likigeuzwa kuelekea Minnesota halitageuzwa tena.

Bibi hakumtazama. "Athmani," alisema, "wenda kwa nduguyo ama wenda kwa gavana?"

"Mama, unajua aliyoniambia," Baba akamjibu.

"Nayajua. Endesha."

Mama, aliyependa kuliponya kila jambo kimyakimya, alisema kwamba kwenye mji unaofuata atavaa soksi mbili mbili ajaribu kuingia dukani. Mji ukafika. Baba aliupita bila kupunguza mwendo. Wa pili akaupita pia. Mama alimtazama ubavuni kwa muda, kisha akaenda kukatakata vitunguu.

Tulifika kwa Ami Nassor Ijumaa, baada ya swala. Baba alishuka wa kwanza, akatembea juu ya njia ya simenti kwa uangalifu, kama mtu anayekanyaga kokoto, nasi nyuma yake. Mlango ulifunguka. Ami alimtazama usoni, kisha miguuni, kisha akatutazama sote miguuni, mmoja mmoja. Mimi nilitazama midomo yake, kwa sababu niliogopa kicheko.

"Kaka," Baba alisema, "nimekuja ulivyosema."

Ami alivua kandambili zake, akazisukuma kwa mguu mpaka mbele ya Baba, akabaki miguu mitupu kizingitini. "Vaa," akasema. "Ingia. Pilau inapoa."

Ndipo Bibi aliposhuka, taratibu kwa ajili ya goti lake. Miguuni alikuwa amevaa makubadhi yake ya Mombasa, yote mawili. Mama aliyaona, akageuza uso haraka, akajishughulisha na mtandio.

Sasa nimefunzwa kupima ushahidi, na nimepima. Huenda Bibi aliyatia makubadhi mkobani kila siku kwa kutouamini umande wa ugenini, na vya kwetu akavisahau kweli. Huenda pia aliviona vyetu vyote, na vile vipya vyeusi juu ya vyote, akapanda ngazi. Wiki iliyopita nilimpigia simu nikamuuliza. Akanijibu, "Mwanangu, mimi mzee, nasahau." Kisha, tukizungumza mengine, akauliza kama Salim bado hupoteza soksi, maana ile ya beseni ilikuwa ya kijani.

Baba na Ami huongea kila jioni sasa, na kandambili zile zipo mlangoni kwetu Champlin. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuzivaa. Seattle tunakwenda kwa ndege. Mwezi uliopita watoto wa Ami walikuja hivyohivyo, masikio yameziba, wakauliza neno la siri la intaneti kabla ya kuamkia. Sharti la Mama lingali palepale, wa mwisho kuingia akusanye viatu. Lakini siku hizi tunaingia mmoja mmoja, kila mtu kwa saa yake, na ninapofika mlangoni nakuta jozi moja tu ya kuokota, nayo ni yangu.