Nyumba ya Nesi Isiyo na Choo

Mawe ya msingi wa nyumba ile tuliyabeba sisi wanawake, kichwani, kutoka mtoni. Mchanga tuliubeba sisi. Maji ya kufyatulia matofali, sisi. Viongozi wakaiita kazi hiyo nguvu za wananchi. Hela ya mradi ilipokuja kumalizia, tukaambiwa tukae pembeni, sasa ni kazi ya wataalamu.

Sikulalamika. Nilitaka nesi alale hapa hapa kijijini, karibu na zahanati. Mjukuu wangu mmoja uchungu ulimshika, akapakiwa kwenye pikipiki kupelekwa Tarime, akajifungulia njiani. Mtoto hakupona. Sasa mdogo wake ana mimba na anakaa kwangu. Kwa hiyo nyumba ya nesi kwangu mimi haikuwa siasa.

Nesi akaja, binti mpole kutoka mbali. Akafunguliwa nyumba. Sebuleni vigae vinang'aa mpaka unaona meno yako. Madirisha ya vioo. Darini wameweka jipsamu yenye maua. Tukazunguka nyuma, tukakuta majani matupu. Choo hakuna.

"Choo ni awamu ya pili, bibi," msimamizi wa ujenzi akaniambia, mikono mfukoni.

"Na haja kubwa nayo ni awamu ya pili?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Basi nesi akawa anakuja kutumia choo changu. Anapita katikati ya boma na kopo lake la maji, anamwamkia kila mtu shikamoo, shikamoo, kama mtu anayeomba msamaha. Kwetu sisi, mwanamke wa umri wa mkwe hakutani na mzee njia ya choo. Mume wangu akimwona anageuka, anajifanya anatafuta ng'ombe. Ng'ombe wako zizini! Aibu pande zote mbili. Haukupita muda nesi akaniambia ameshaandika barua ya kuomba uhamisho.

Nikawaita wenzangu tuliobeba mawe. Tukachukua majembe, tukaanza kuchimba choo wenyewe, nyuma ya nyumba ya nesi. Mtendaji wa kijiji akaja mbio.

"Mama zangu, hili ni eneo la serikali. Hamchimbi bila ramani."

Ni kijana, nimemwona anazaliwa. Nikamwambia, "Wewe mura, ita polisi. Waambie umekamata vikongwe wanachimba choo."

Wenzangu wakaangua kicheko, akaondoka. Choo kikasimama, kwa matofali yetu na bati nililong'oa kwenye banda langu la mbuzi. Nesi akaichana barua mbele yangu.

Wiki iliyopita gari la mradi likaleta fundi rangi. Nikadhani anakuja kupaka nyumba. Akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa choo chetu, akaandika kwa herufi kubwa kwamba awamu ya pili imekamilika. Mgeni rasmi anakuja kukizindua. Kuzindua choo! Na utepe wa kukata wameshanunua, nimeuona kwa macho yangu.

Nikachukua tambara na mafuta ya taa nikafute uchafu ule. Nesi akanishika mkono.

"Bibi, nakuomba. Wakikasirika hawatakuhamisha wewe. Watanihamisha mimi."

Nikamtazama mjukuu wangu, amekaa kwenye kigoda, tumbo limeshuka, miguu imevimba. Mate yakanijaa mdomoni. Nikayatema pale pale, karibu na viatu vya fundi rangi, naye akajifanya hajaona.

Wametaka akina mama tuimbe siku hiyo ya kukata utepe, tuishukuru awamu ya pili.

Nitaimba. Mtoto anazaliwa mwezi huu.