Kibuyu Kisichoonjwa

Jambo la kwanza lililoonekana kwa Nkeshimana ni kwamba hakumpa mtu kinywaji kabla ya kukionja mwenyewe. Kwao Katogota, kuonja hivyo ndiko kumwambia mwenzako: kunywa, hakuna sumu.

Mwaka huu wa 1956 amekuwa akipasua mbao Uvira pamoja na Sumaili, Mwislamu wa Mulongwe, mmoja juu ya gogo, mwingine shimoni. Siku moja akamletea maji ya ndizi yasiyochacha, kwa kuiheshimu dini yake. Akapiga funda, akampa.

"Weye unanipa makombo?" Sumaili akawaka. "Miye niko mbwa yako?" Akayamwaga.

Kwao Nkeshimana, anayemwaga kinywaji chako amekuita mtia sumu. Kwa uchungu akageuka, akarudi kwenye msumeno. Sumaili akadhani ni kiburi.

Tangu hapo msumeno ukavutwa bila wimbo, mbao zikapinda. Sumaili ameomba kupewa mwenzi mwingine kuanzia Jumatatu.

Jana tu Mwavita, mke wa Sumaili, alimweleza Nkeshimana: "Kwetu, mugeni ndiye anakunywa wa kwanza, baba."

Leo Jumamosi amemtuma Mwavita amwite mumewe. Ameketi kando ya shimo na kibuyu kipya, hajakionja. Jua linaingia nyuma ya milima, naye bado anaikazia macho njia ya Mulongwe.